Piste ya Tonton Usman

Tonton Usman alikuwa na jibu moja kwa kila kitu ambacho Feza aliomba: tutaona. Feza aliomba kwenda kujifunza kushona kule Kadutu, tutaona. Aliomba kumtembelea Maman Maisara, dada mdogo wa mama yake, kule Kamanyola, siku za Idi tu, kisha arudi, tutaona. Halikuwa jibu la ubaya. Tonton hakuwahi kumpigia kelele wala kumnyima chakula, na watu wa mtaa walimsifu kwa kumchukua mtoto wa marehemu ndugu yake tangu Feza alipomaliza shule ya primaire. Lakini tutaona yake ilikuwa kama ukuta uliopakwa rangi nzuri. Unaupapasa huku, unaupapasa kule, hupati mlango.

Jumapili ile Feza alitaka jibu jingine. Maman Maisara alikuwa amepiga simu: binti yake ameolewa, cherehani yake imekaa bure kibarazani, na Feza akija ni yake. Njia ya Ngomo, ile inayoteremka milima mpaka Kamanyola, ilikuwa inapitika. Wiki iliyopita haikupitika, na ya wiki ijayo hakuna aliyeyajua, maana tangu vita viingie mjini barabara zilikuwa zikifunguka na kufungika kama macho ya mgonjwa. Papa Anaclet, dereva wa minibus, alikuwa anapakia abiria pale parking, chini kidogo ya mtaa wao. Asubuhi alimwambia Feza kwa simu: "Nikijaza naondoka, mwanangu. Sitangojea mutu, hata kama ni askofu."

Mfuko wa Feza ulikuwa tayari nyuma ya mlango wa jikoni. Mchana portail ya Tonton, lango la uani, haikufungwa na kufuli. Angeweza kuisukuma tu na kwenda. Lakini kutoka bila ruhusa ni kutorudi tena, hata kwa kusalimia, na Maman Maisara angeonekana mwizi wa watoto wa watu. Alihitaji neno moja la Tonton. Na Tonton alikuwa na wageni.

Kila Jumapili wapenzi wa magari walikutana kwenye baraza ya Tonton, ambaye aliuza vipuri pale Nyawera na ndiye aliyekuwa rais wao. Jacques, aliyekuwa déclarant mpakani, mtu wa kutoa mizigo forodhani, kabla ya kustaafu, alikuja moja kwa moja kutoka misa, koti na kila kitu. Willy alikuwa dereva wa taksi. Aliegesha gari lake nje ya ukuta na kuingia huku akizungusha funguo kwenye kidole. Wote watatu waliketi wakitazama upande mmoja, kwa sababu uani, chini ya turubai, alilala Mademoiselle.

Mademoiselle lilikuwa gari jekundu la viti viwili, fupi la kimo, ambalo Tonton aliliagiza Dubai wakati biashara ilikuwa bado biashara. Siku lilipofika mtaa wote ulitoka kuona. Liliingia ndani limekunja vioo vyake vya pembeni, kama mtu anayepita katikati ya safu za wanaosali, maana portail ni nyembamba. Halafu mvua ikala njia ya mbele ya nyumba, na Tonton akajenga kizingiti cha simenti langoni ili matope yasiingie. Matope yalizuiwa vizuri. Mademoiselle naye akazuiwa. Tangu hapo kazi yake ilikuwa kuoshwa na Feza, kuwashwa moto kidogo Tonton asikie mlio, na kuzimwa.

"Ninyi wawili ndiyo bamademoiselle yangu," Tonton alipenda kusema, na wageni walicheka. Feza alikuwa akiendelea kupanga vikombe.

Siku hiyo palikuwa na jambo. Kampuni ile ile ya Ulaya iliyounda Mademoiselle ilikuwa inatoa gari jipya, na sherehe ya kulifunua ilionyeshwa kwenye simu. Willy alinunua mega za intaneti za kutosha. Waliisimamisha simu kwenye sahani ya sukari, wakainamia.

"Ona mugongo yake!" Willy akapiga paja. "Ile bawa ya nyuma, unaweza kuanika muhogo juu. Unatoka hapa iko na maji, unafika Walungu iko mukavu, unasaga."

"Wewe unaona muhogo tu," Jacques akasema. "Ile inakandamiza gari chini, isiruke."

"Kwani iko ndege?"

"Kwa ile mbio, kidogo tu inakuwa."

Tonton alisogeza miwani. "Tapis ya kukanyagia iko wapi? Mbona ndani iko mutupu?"

"Wametoa. Tapis, radio, hata kitambaa cha mlango. Wanapunguza kilo."

"Hata radio?" Willy akashika kichwa. "Gari ya batajiri, haina radio? Basi taksi yangu ndiyo luxe! Haina radio, haina tapis, na mulango moja nafunga na waya."

Wakacheka mpaka Jacques akakohoa. Feza alikuwa amesimama na birika pembeni mwa Tonton, akisubiri kicheko hicho. Alimjua: akicheka, moyo wake unafunguka kidogo, kama dirisha la duka siku ya soko. "Tonton..." akaanza.

"Ongeza sukari kwa Papa Jacques, mama."

Akaongeza sukari. Kicheko kikapita. Akasubiri kingine.

Kwenye simu mwanamke mmoja mwenye sauti laini alikuwa anaeleza kwa Kifaransa. Alisema gari hili limezaliwa kwa ajili ya piste. Alirudia mara ya pili, na gari likapigwa taa: née pour la piste.

Tonton akasimama. "Mumesikia? Kwa piste! Mwishowe bazungu bametukumbuka."

Jacques akaweka kikombe chini polepole. "Usman, ile piste si hii. Ile ni circuit, kiwanja cha mashindano. Lami laini kama sahani. Gari inakimbia, inazunguka, inarudi fasi ilitokea."

"Inarudi fasi ilitokea?"

"Ndiyo."

"Sasa mutu anakuwa amekwenda wapi?"

"Haendi popote. Ni mchezo."

Feza alisikia hayo, birika mkononi. Kukimbia, kuzunguka, kurudi pale pale: hilo alilielewa bila Kifaransa.

Lakini Tonton alikataa. "Jacques, hapana. Wewe ulisomaka kwa bapadri, mimi nilisomaka kwa njia. Kutoka Walungu kupanda Luhwindja, ile njia ya udongo na mawe, kwenye carte ya barabara wanaandika nini?"

Jacques alichukua tena kikombe chake.

"Sema!"

"Wanaandika piste," Jacques akasema kwa shida.

"Bon! Kwa hiyo!"

"Na Kavumu je?" Willy akaingia. "Fasi ya ndege si banaita piste vilevile?"

"Ndege ziko wapi leo? Piste bila ndege ni njia kama njia ingine." Tonton akageuka. "Ulizeni huyu. Feza, piste ni nini?"

"Ni pale kwa arusi batu banachezea, Tonton. Bibi na bwana arusi ndio banafungua piste."

Kicheko kikalipuka tena, kikubwa kuliko cha kwanza. Willy akapangusa macho. "Anafikiria arusi! Tonton, mutoto anataka kutoka!"

"Atoke kwenda wapi?" Tonton aliuliza, bado anacheka.

"Kamanyola, Tonton," Feza akasema. "Leo. Maman Maisara ananingojea, Papa Anaclet anapakia pale parking. Nilikuwa nakuomba ruhusa."

Vicheko vikafa kimoja kimoja. Simu peke yake iliendelea kusema kwenye sahani. Tonton alirudi kuketi, akaifuta miwani ambayo haikuwa na kitu.

"Tutaona," akasema.

"Tutaona lini, Usman?" Jacques hakuwa amesahau kushindwa kwake kwa piste. "Kwako hapa vitu vinaingia, havitoki. Mutoto hatoki. Mademoiselle hatoki."

"Mademoiselle hatoki?" Tonton akasimama mara ya pili, na safari hii kiti kilianguka. "Ni mimi sitaki! Ile ya kwenye simu ni mudogo wake, damu moja. Kama mudogo amezaliwa kwa piste, mukubwa atashindwa na hii njia ya kwetu? Feza, chukua mfuko wako. Nakupeleka mimi mwenyewe parking. Mademoiselle akifika kwenye lami, unakwenda Kamanyola na salamu zangu. Hawa wawili ni mashahidi."

"Na asipofika?" Jacques akauliza.

"Asipofika, Feza hataniuliza tena maneno ya Kamanyola. Imekwisha."

Feza alisimama. Yeye ndiye aliyeosha tumbo la Mademoiselle. Ngumi yake ilipita pale chini kwa shida, na kizingiti kilikuwa kirefu kuliko ngumi. Alijua. Lakini kukataa kulikuwa kubaki, na kukubali kulikuwa pia kubaki, ila kwa kelele. Alikwenda kuchukua mfuko.

"Tonton, tuweke mbao kwanza," alisema alipokuwa anavua turubai.

"Gari ya piste haiwekewi mbao."

Willy alifungua portail pande zote mbili, akakunja vioo vya pembeni. Feza aliingia, akakaa na mfuko magotini, maana nyuma hapakuwa na nafasi hata ya kofia. Hakuwa amewahi kukaa ndani humo gari likienda. Tonton alisoma bismillahi, akakanyaga, na Mademoiselle akanguruma mpaka kuku wa jirani wakaruka ukuta.

Kusema kweli, alianza vizuri. Magurudumu ya mbele yalipanda kizingiti, yakashuka upande wa pili, na pua yake nyekundu ikaona njia kwa mara ya kwanza tangu mwaka ule wa mvua. Feza aliona paa za mtaa wa chini, na kipande cheusi cha lami, na zaidi ya hapo ziwa. Kisha tumbo likakaa. Krrrr. Sauti ile ilipita kwenye viti ikaingia kwenye meno. Magurudumu ya nyuma yalikuwa yananing'inia karibu hewani, yakizunguka na kunukisha mpira, na gari halikusogea mbele wala nyuma.

Tonton alijaribu mlango wake. Ukagonga nguzo ya portail. Feza akajaribu wa kwake. Ukagonga nguzo nyingine. Mademoiselle alikuwa amekaa langoni sawasawa, kama kizibo kwenye chupa.

Huko nyuma kelele zilianza. "Taksi yangu iko nje!" Willy alilia. "Bateja banaenda kuingia na kutoka na kiti!" Alijaribu kupita pembeni ya gari, bega lilipita, tumbo likakataa. Jacques alishika bawa dogo la nyuma, akasukuma.

"Musisukume!" Tonton alipiga kelele kupitia kioo. "Munapasua carter! Mafuta yote yatamwagika!"

"Sasa tufanye nini?"

"Mungojee!"

"Bon," Jacques akasema, akapangusa mikono kwenye leso. "Sasa sote tuko bamademoiselle."

Njiani watu wakaanza kukusanyika. Mwanamke mwenye beseni la ndizi aliinama kuchungulia kwenye kioo, akauliza wenzake kama huyo ni bibi arusi. Tonton akazima moto. Ndani kukawa kimya, na joto, na harufu ya ngozi ya viti. Pumzi zao zikaanza kupaka vioo ukungu, njia ikapotea, lami ikapotea.

Simu ya Feza ikalia. Haikuwa na sauti ndogo. Kila mtu alisikia kila kitu.

"Feza, mwanangu, nimebakiza kiti kimoja cha nyuma. Nikuwekee, ao nimupe mutu mwingine?"

Feza alimtazama Tonton. Tonton alitazama usukani.

"Niwekee, Papa."

Akaikata. Jasho lilikuwa linashuka kwenye shavu la Tonton, naye hakulipangusa. Mikono yake miwili bado ilishika usukani kama mtu anayeendesha.

"Gari haikufika kwenye lami," akasema.

"Haikufika, Tonton."

"Na mashahidi wako pale nyuma."

"Wako."

Mtu fulani alipiga kofi kwenye boneti, watoto wakacheka. Feza alisubiri. Kusubiri alikuwa anakujua. Alitazama ule uso wa pembeni, nywele za sikio zilizokuwa nyeupe, na akaona kitu ambacho barazani, katikati ya vikombe na wageni, hakikuonekana. Watoto wa Tonton walikuwa Kampala na Canada. Mke wake alimfuata binti aliyejifungua, akasema atarudi mtoto akikaa, na sasa mtoto yule anakwenda shule. Wageni ni Jumapili tu. Jumatatu ilikuwa ni Feza na Mademoiselle.

"Ile taa ya jikoni," Tonton akasema, macho yake bado mbele. "Ile inakataaka kuwaka. Unaifanyaka nini?"

"Unaigonga pembeni na kidole, Tonton. Kidogo tu. Ukiigonga kwa nguvu inakasirika."

"Na dawa ya pression?"

"Kwenye kopo la chai. Ile nyeupe ni ya asubuhi."

"Ya asubuhi," Tonton akarudia. Kisha sauti yake ikarudi kuwa ya rais wa wapenzi wa magari. "Wewe ni mwembamba. Toka kwa dirisha, umwite Akili fundi, aje na cric ainue hii gari."

Feza alibonyeza swichi ya upande wake. Haikufanya kitu, iliharibika zamani. Vioo vyote vilitii swichi moja tu, ile ya mlango wa Tonton, na kidole cha Tonton kilikuwa tayari kimekaa juu yake.

Hapo angeweza kusema ndiyo, Tonton, akatoka, akakimbia. Alilifikiria. Lakini neno hilo la uongo lingemfuata mpaka Kamanyola na kukaa naye kwenye cherehani.

"Nitamwita Akili, Tonton," akasema. "Nitamwambia aje mbio. Halafu nitapita parking. Sitarudi huku leo."

Kidole kikasimama.

Huko nyuma Willy na Jacques walikuwa wameanza upya: Willy anasema kama ingekuwa ile ya kwenye simu ingepita, Jacques anasema ile ya kwenye simu ni fupi zaidi, ingekwama hata kwenye mkeka. Tonton alisikiliza ubishi ule kana kwamba jibu lake lingetoka humo. Feza hakuomba tena. Aliweka mikono juu ya mfuko na kutazama kioo cheupe mbele yake.

"Maisara yule," Tonton akasema mwishowe, "bado anapikaka mchele bila chumvi?"

"Sijui, Tonton. Mimi nitatia."

Tonton akabonyeza. Kioo kikashuka kwa kusitasita, kikafika nusu, mashine ikakata. Batri ilikuwa imechoka.

"Na batri nayo," Tonton akasema.

"Inatosha."

Alifunga kitenge vizuri, akavua viatu. Tonton akapaza sauti kwa kila aliye mbele na nyuma: "Geukeni! Mutoto wa watu anatoka! Geukeni!" Yeye mwenyewe akafunga macho. Feza alitoa kichwa, akatoa bega, akakalia ukingo wa kioo mgongo ukikwaruza nguzo, akajivuta juu ya paa. Chuma kilikuwa cha moto. Njiani migongo yote ilikuwa imegeuka, ila mama mwenye ndizi, aliyesema yeye ni mwanamke, anaangalia.

Mfuko ndio uliokataa. Ulikuwa mnene kuliko mwenyewe. Tonton aliusukuma, akaugeuza, akausukuma tena. Basi akaufungua pale magotini, akaanza kutoa kitu kimoja kimoja na kukipitisha: blauzi, kitenge cha Idi, sabuni iliyofungwa kwenye gazeti, mtandio. Kila kimoja alikikunja upya kabla ya kumpa. Alikunja vibaya, kama wanaume wanavyokunja, na taratibu sana, na Feza aliyelala kifudifudi juu ya paa alipokea, akasema asante, akapokea kingine. Huko chini honi ya minibus ikalia, ndefu. Mkono wa Tonton ukaharakisha kidogo. Mwisho ukatoka mfuko mtupu.

"Mwambie Maisara ni mimi nimekutuma," sauti ya Tonton ilisema kutoka ndani. "Asiseme umetoroka."

"Nitamwambia, Tonton."

Aliteleza kwenye kioo cha mbele, akapita boneti, akaangukia matopeni upande wa njia. Akajaza mfuko bila kuupanga, akakimbia.

Akili alikuwa kwenye mlango wa kibanda chake, anakula. Alimwona msichana wa matope, viatu mkononi.

"Leta cric, kaka Akili, mbio. Kwa Tonton Usman, gari imeziba portail."

"Nani amefungiwa?"

"Bote," Feza akasema, na hakusimama, "bote bako ndani," na aliendelea kuteremka.